Sauti Iliyoharakishwa

Neville Staniforth alikuwa mtu wa kupendwa, na hilo ndilo lililomponza. Mtu mbaya akikosea, watu humbana mpaka aseme. Mtu wa kupendwa akikosea, watu humtafutia sababu nzuri, naye akishapewa sababu hiyo huivaa kama koti la kuazima, miaka inapita, na mwishowe hajui alirudishe kwa nani.

Kila Jumapili, kuanzia katikati ya Novemba mpaka siku ya pili ya Krismasi, Neville alikuwa akisimama katika baa ya kijiji cha Hollinstor na kuimba. Kule vilimani juu ya Sheffield ndivyo watu wafanyavyo. Saa sita mchana baa inajaa pomoni, mmoja anapiga kinanda kwenye kona, na waliobaki wanaimba nyimbo za Krismasi za kijiji chao, zile ambazo kanisa lilizifukuza zamani kwa sababu zilikuwa na raha kupita kiasi. Kwaya hakuna. Karatasi ya maneno anashika mgeni tu. Wenye sauti nyembamba wanajibana karibu na kinanda, na wenye sauti nzito wanasimama mahali pa moto, na mahali pa moto palikuwa pa akina Hague. Babu yao alisimama pale, na baada yake mwanawe Wilf, mpasua mawe, ambaye akishuka kwenye noti za chini mbao za sakafu zilikuwa zikitetemeka. Sitii chumvi. Au natia kidogo tu.

Baada ya Wilf angefuata Roy. Roy Hague alikuwa na miaka hamsini sasa, fundi mabomba, mpole, mwenye mikono mikubwa, na hakukosa Jumapili hata moja. Lakini alikuwa akisimama mlangoni, glasi mkononi, mdomo umefungwa. Wageni wakiuliza mbona yule haimbi, wenyeji walikuwa na jibu lao: Roy alifunga mdomo akameza ufunguo. Watu wakacheka, na Neville akacheka nao. Lakini yeye alijua kwa nini Roy Hague haimbi, na alijua ni nani aliyemnyamazisha.

Turudi nyuma kidogo, mwaka wa 1980. Neville alikuwa fundi wa sauti katika studio moja mjini, chumba cha juu katika karakana iliyokuwa zamani ikitengeneza visu. Wiki ya Pentekoste alikuja mzee mmoja na bendi yake ya tarumbeta za kanisani. Walirekodi nyimbo ambazo watoto wa shule ya Jumapili wangejifunzia. Walipomaliza mzee alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema watoto hawataifikia ile noti ya juu, watalia kama paka waliokanyagwa mkia. Neville akamwambia asihangaike. Mashine kubwa ya kanda ilikuwa na kitufe cha mwendo. Alikizungusha kurudi nyuma, kanda ikaenda polepole, na tarumbeta zote zikashuka mpaka mahali ambapo mtoto yeyote angeweza kuzifuata. Mzee alifurahi sana, akamwachia keki ya matunda, akaenda zake. Neville akala keki. Kitufe hakukirudisha.

Kesho yake iliingia bendi iitwayo Ganister, vijana wanne wa Hollinstor na vijiji vya jirani, Roy akiwa mwimbaji wao. Siku zile muziki wa panki ulikuwa umekwisha kupiga kelele zake, na vijana wa kaskazini walikuwa wakitafuta kitu kingine, cha baridi zaidi, chenye nafasi tupu katikati, magitaa yanayokwaruza, gitaa la besi likibeba wimbo mgongoni, na ngoma zisizotabasamu. Ganister walikuwa na nyimbo tisa. Walizirekodi kwa siku nne, na siku ya mwisho Neville alizichanganya zote na kuziweka kwenye kanda ile kubwa, katika mashine ile ile ambayo tangu siku ya tarumbeta ilikuwa ikitembea polepole.

Kosa lenyewe si gumu kulielewa. Mashine inayorekodi polepole na kucheza polepole haijisemi, ukisikiliza pale pale kila kitu ni sawasawa. Lakini kanda hiyo ikipelekwa London kwa watengenezaji wa santuri, ikawekwa kwenye mashine yenye mwendo wake halali, itakimbia.

Neville alikiona kitufe Jumatatu asubuhi, kanda ikiwa tayari kwenye treni. Alisimama mbele ya mashine muda mrefu. Simu ilikuwa mezani, hatua tatu tu. Lakini mwenye studio alikuwa amekwisha kumwonya mara mbili mwezi ule kwa uzembe, na onyo la tatu lingekuwa barua ya kufukuzwa. Neville akajiambia kwamba hakuna atakayetambua. Akakirudisha kitufe mahali pake, akachemsha chai.

Santuri zilifika Septemba, ndani ya maboksi. Jina la albamu lilikuwa *Jumatatu Nzima*. Walipoweka ya kwanza, nyimbo zilitoka mbio kama zinakimbizwa, na sauti ya Roy, ambayo ilikuwa nzito na tulivu, ya baba yake kabisa, ikatoka nyembamba, imebanwa, sauti ya mtu anayeongea huku ameshikwa koo. Roy alisikiliza upande mzima akiwa wima. Kisha akauliza taratibu, "Neville, hii ni nini?"

Wenzake walimtazama Neville. Mwenye studio naye alikuwa mlangoni, anamtazama.

"Nimefanya makusudi," akasema Neville.

Maneno mawili tu. Lau angemeza mate wakati ule, hadithi hii isingekuwapo.

Watu wakaipenda. Waliipenda kwa sababu ya ile hofu, wakasema hakuna aliyewahi kuimba hivyo, kwamba ndani ya sauti ile mna viwanda vilivyofungwa na baba wasio na kazi. Mwandishi wa gazeti la muziki alipanda treni kutoka London kuja kumwona Neville, akamnunulia chakula cha mchana, akamwuliza wazo lile alilipata wapi. Mdomo uliponza kichwa. Neville, aliyekuwa hajawahi kuulizwa wazo lolote, alisema kwamba mwimbaji alikuwa na sauti ya mwuza makaa anayenguruma mitaani, sauti ambayo ingeizamisha bendi, na kwamba ilimbidi yeye kama fundi amwokoe. Yakachapishwa hivyo hivyo, na picha yake ameegemea mashine.

Jukwaani Roy aliimba kwa sauti yake mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Watu walionunua santuri wakampigia kelele aamke. Akajaribu kuipandisha sauti ifikie ile ya santuri. Leeds alijaribu, Hull akajaribu, na Manchester alitema damu kwenye beseni. Kufika kiangazi bendi ilikuwa imekwisha, na Roy alikuwa anajifunza kukata mabomba.

Santuri haikufa, ndiyo ajabu. Vijana wa Glasgow waliisikia wakaunda bendi, kisha wa Berlin, kisha Wamarekani, watu wasioweza kuionyesha Sheffield kwenye ramani, wote wakiimba kwa koo la kubana, namna ambayo Roy hakuimba hata siku moja. Wengine walikuja mpaka kwa Neville kuomba "ile sauti", naye alikishika kitufe kwa uso wa daktari, akakizungusha kidogo, akasubiri, akakizungusha tena. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Miaka ishirini alikula mkate wake hapo. Na kila Novemba alirudi kwenye baa akamkuta Roy mlangoni, wakasalimiana kwa vichwa, na aibu ikamshika Neville upya, mbichi, mpaka wimbo wa kwanza ulipoifunika.

Sasa ni mwaka 2008, wiki ya pili ya Novemba, na binti anayeitwa Tamsin amekaa jikoni kwa Neville na kompyuta yake. Alitumwa na watu waliotaka kuitoa upya *Jumatatu Nzima*. Iliwahi kutolewa upya mara moja, kwenye CD, mwaka wa tisini na mbili, na wapenzi wake walilalamika kwa haki: sauti ilikuwa imekandamizwa mpaka ngoma zikalia kama maboksi, na zile nafasi tupu katikati ya magitaa, ambazo ndizo zilikuwa uzuri wenyewe, zikazibwa. Safari hii walitaka kufanya mambo kwa adabu, kutoka kwenye kanda ya asili.

"Kabla ya wimbo wa kwanza kuna mvumo wa umeme, Bwana Neville," alisema Tamsin. "Umeme wa nchi hii unavuma noti moja tu, kila nyumba. Kwenye kanda yako unavuma juu zaidi. Kwa hiyo nimejua ulikirudisha kitufe nyuma kiasi gani. Nilifurahi, wallahi. Watu wanaulizana jambo hilo miaka na miaka."

Neville akasema ndiyo, ilikuwa kiasi hicho.

Tamsin akasema kwamba nyumbani, kwa udadisi tu, aliirudisha kanda kwenye mwendo wake wa kweli. Akabonyeza. Gitaa la besi likaingia, likitembea bila haraka, na juu yake ikapanda sauti ya kijana wa miaka ishirini na miwili, pana, yenye joto, isiyo na hofu ya mtu yeyote. Neville alitazama meza. Hata yeye hakuwa ameisikia tangu wiki ile ya Pentekoste.

Averil, mkewe, alikuwa kwenye sinki anamenya viazi. Kisu kikasimama. "Wilf Hague anafanya nini jikoni kwangu?" akauliza.

Tamsin akauliza Wilf ni nani. Averil akamwambia ni baba yake Roy, aliyefariki mwaka wa themanini na tisa, na kwamba hajasikia sauti kama ile tangu mazishi yake, yaani tangu ilipokosekana mazishini. Kisha akamgeukia mumewe. "Hiyo ndiyo sauti uliyosema haifai?"

Neville alisema mambo ya wakati ule yalikuwa hivyo. Alisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa dogo.

Tamsin hakuona kitu. Alieleza kwamba bendi nzima imekwisha kutia saini isipokuwa jambo moja geni: Roy amekubali, ila ameomba jina lake lisiandikwe. Mahali pa mwimbaji pawe patupu. Sababu aliyotoa ni kwamba sauti ile si yake, ni ya Neville. Tamsin alidhani ni maringo ya wasanii. Lililomleta hasa lilikuwa kijitabu cha ndani ya albamu. Walitaka Neville aandike kurasa mbili, aeleze ule ujanja, wazo lilivyomjia. Akamwachia CD yenye nyimbo zilizorekebishwa, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Siku nne Neville alijaribu kuandika. Aliandika "Wazo lilinijia", akachana. Aliandika "Siku zile tulipenda kujaribu", akachana. Averil alipita nyuma yake na nguo za kupiga pasi asiseme neno, na kunyamaza kwa Averil kulikuwa kukali kuliko kelele za wanawake kumi. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, angeweza kulicheka na mtu. Lakini alikuwa amempaka mwenzake tope ili yeye aonekane safi, akapigiwa makofi kwa kazi hiyo, na akayapenda yale makofi. Hilo la kuyapenda ndilo lililomtia haya zaidi ya yote. Ijumaa alivaa koti, akatia ile CD mfukoni, akashuka kanisani, ambako alijua Roy anatengeneza boila, mtambo wa kupasha kanisa joto, kabla ya baridi kuingia.

Roy alikuwa kwenye chumba cha chini, amepiga magoti, spana mkononi. Neville akasimama kwenye ngazi.

"Nimekuja kwa ajili ya ile santuri."

"Nimekwisha saini."

"Si hilo, Roy. Haikuwa makusudi. Kitufe nilikisahau."

Roy alimalizia kukaza nati. Kisha akasema, bila kugeuka, "Sema tena."

Neville akasema tena, na safari hii akasema yote: watoto wa shule ya Jumapili, keki, kitufe, Jumatatu asubuhi, treni, simu iliyokuwa hatua tatu. Hakujitetea popote, au alijitetea mara moja tu, alipotaja yale maonyo mawili, akaona haya akaacha. Roy aligeuza ndoo akaikalia.

"Na ile ya mwuza makaa?"

"Niliizua. Nilikuwa nimeshikwa na aibu, sikujua pa kuiweka."

"Ukaniwekea mimi."

"Ndiyo."

Roy alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu upya na kila akifika mwisho inakataa.

"Unajua mimi nilifikiri nini?" alisema. "Nilifikiri ulinisikiliza. Siku nne sauti yangu ilikuwa masikioni mwako, kisha ukaamua haifai. Nikasema, huyu ni fundi, anajua kazi yake, inaniuma lakini amesikia. Kumbe hukunisikia hata kidogo. Ulikuwa unafikiria keki."

Roy akaendelea, sauti yake ya chini kama ya mtu anayezungumza na boila. Gazeti lile, alisema, lilisomwa kwenye baa, Jumapili ya nyimbo, watu wakitaniana kama kawaida yao, na baba yake alikuwa amesimama pale pale mahali pa moto. Ilipofika kwenye mwuza makaa watu wote walicheka isipokuwa wawili. Jumapili iliyofuata Wilf alisogea kidogo kumpisha mwanawe asimame karibu naye, na Roy akabaki mlangoni.

"Sauti ilikuwa ya kwake, Neville, unaelewa? Mimi nilipewa tu. Alidhani namwonea haya. Miaka tisa alisogea, kila mwaka, akaniachia nafasi. Hakuniuliza, na mimi sikumwambia, kwa sababu ningemwambia nini? Kwamba fundi amesema hatufai, mimi na wewe?"

Neville akatoa ile CD. Alisema ni nyimbo zenyewe, kwa mwendo wake. Roy akamwambia aiweke juu ya kisanduku cha vyombo. Neville akauliza afanye nini. Lilikuwa swali la kitoto na alilijua, lakini hakuwa na lingine.

"Kayaseme pale yaliposomwa," alisema Roy. "Jumapili, saa sita, kabla kinanda hakijaanza. Sitaki zaidi." Akarudi kwenye boila.

Jumapili ilikuwa ya mvua, na watu walikuwa wamebanana, makoti yananuka sufu mbichi, sahani za pai na njegere zinapita juu ya vichwa. Averil alikuwa kwenye meza karibu na dirisha. Neville hakuwa amemwambia lolote. Alijidanganya kwamba ni afadhali alisikie mara moja tu. Roy alikuwa mlangoni. Neville akamnong'oneza mwenye baa, Selwyn, jitu la mwili mkubwa linalomwita kila mtu mpenzi, wanaume kwa wanawake, naye Selwyn akagonga kengele, akasema, "Nyamazeni, wapenzi wangu, Neville ana hotuba."

Neville alisema. Alieleza tarumbeta, noti ambayo watoto hawangeifikia, kitufe, na jinsi alivyodanganya aliposema alifanya makusudi. Alisema hakuna ujanja uliokuwapo, kwamba sauti iliyosifiwa dunia nzima ilikuwa kosa la fundi aliyesahau kazi yake. Alitaka sasa kufika kwenye lile gazeti. Alivuta pumzi.

"Ngoja kwanza," akasema mtu mmoja karibu na kinanda, mwalimu mstaafu. "Kwa hiyo Wamarekani wote wale, na nywele zao zile, wanaimba kanda ya Pentekoste ya shule ya Jumapili?"

Baa ikapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanamume mmoja mwenye kipara alipaza sauti kwamba yeye alikuwa mmoja wa watoto wale na noti ile hakuifikia hata baada ya kushushwa, wakacheka tena upya. Mtu akampiga Neville mgongoni. Mwingine akamkumbatia, akamwambia hajapata kusikia jambo tamu kama hilo tangu azaliwe. Neville alisema, "Bado sijamaliza," akasema, "Ni habari ya Roy," akasema kwamba maneno yale juu ya sauti ya Roy yalikuwa ya uongo, ya uongo mtupu. Waliokuwa karibu waliitikia kwa vichwa huku wakifuta machozi ya kicheko. Selwyn akaweka glasi ya bia mezani pake, kisha watu wawili wengine wakaleta zao, zikawa tatu. "Wewe ni hazina, mpenzi," alisema Selwyn.

Neville akatazama mlangoni. Roy hakuwapo.

Alimkuta uani, karibu na gari lake la kazi, mvua inampiga kichwani. Neville alisema samahani, alisema hakutegemea wacheke.

"Hukutegemea," alisema Roy. "Uliniharibia, ukapewa bia. Umetubu, umepewa bia."

Ndani kinanda kikaanza. Ulikuwa ule wimbo wa wachungaji, kwa mahadhi ya Hollinstor ambayo hayaimbwi kwingine, na sauti zikatoka kupitia madirisha yenye mvuke, nyembamba zikipanda, za kati zikifuata. Roy alikuwa ameshika mpini wa mlango wa gari. Hakuufungua. Ubeti wa pili ulipoanza alifungua mdomo, uso ukiwa upande wa ukuta, akaimba.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Neville akamsikiliza Roy Hague. Maneno alikuwa nayo yote. Njia ya wimbo alikuwa anaijua, alijua wapi baba yake alikuwa akivuta na wapi alikuwa akiachia. Lakini sauti ilikuwa inakwaruza, inatoka vipande vipande, na wimbo uliposhuka kwenye zile noti za chini, zilizokuwa mali ya akina Hague, hapakutoka kitu ila pumzi. Roy alikohoa. Aliurudia mstari ule peke yake, wenzake ndani wakiwa wamekwisha kupita. Pumzi tena.

"Imekwenda," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomwambia mwenye nyumba kwamba bomba limeoza ndani ya ukuta. "Kanda unaweza kuirudisha, sivyo? Mimi nimesikiliza ile CD, Ijumaa na jana. Nilikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri sana, Roy."

"Wewe usiniambie." Akaingia ndani ya gari, akafunga mlango, kisha akateremsha kioo kidogo. "Mwambie yule binti aandike jina langu. Mahali pote. Kila palipo na mwimbaji."

Gari likaondoka. Neville akabaki uani mpaka shingo yake ikalowa, akitumaini pengine baridi ingemwadhibu kidogo, lakini baridi ya Novemba haina habari na mtu. Aliporudi ndani watu walimpisha njia kwa furaha, wengine wakamkonyeza. Averil hakuwa ameinuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimtazama mumewe, aliyeishi naye miaka thelathini na tano, kama anavyotazamwa mtu usiyemjua aliyekaa kiti cha mbele kwenye basi. Glasi tatu zilikuwa bado zimejaa.

Wimbo mwingine ulianza. Neville alifungua mdomo kuimba, akashindwa, akaufunga.

Averil akasukuma glasi moja mpaka ikagusa mkono wake.

"Kunywa, Neville," alisema. "Si wamekununulia."